Ritifaa Mbili za Ng'washi

Jumatatu asubuhi, kabla sakafu ya duka haijanyunyiziwa maji ya kutuliza vumbi, mwanamke asiyefahamika na yeyote aliingia kwa Sanket, akawasalimu waliokuwamo mmoja mmoja, kisha akageukia pembeni, akaikunjia goti kompyuta na kuiambia, "Shikamoo."

Kalisti, aliyekuwa ameketi mbele ya mashine hiyo akifuta kioo chake kwa pindo la shati, aliachia pindo. Mwanamke alisubiri. Alisubiri kama mtu mwenye adabu anavyomsubiri mkubwa amalize kutafuna.

"Haiitikii?" akauliza mwishowe. "Nimeambiwa siku hizi ndiyo mkubwa wetu. Kule Ikonongo wanasema hii ndiyo inayojua nani ni nani."

Maniben, mama yake Sanket, aliyekuwa kaunta akipima misumari, alicheka mpaka misumari ikamwagika. Yeye alizaliwa Shinyanga, Kisukuma alikinywa pamoja na maziwa, na aliijua dhihaka ya Kisukuma hata ikija imepiga goti. Akamwamkia mgeni kwa "Mwangaluka," akamvutia kigoda, akamuuliza habari za kwao. Mgeni alikuwa Mama Mbuke, mchimbaji wa duara, yaani shimo la dhahabu, namba arobaini na moja kule machimbo ya Ikonongo, mbele kidogo ya Mwakitolyo. Duara hilo alilianza yeye na marehemu mumewe, na sasa alichimba na binti yake. Alikuja kuandikishwa.

Kalisti aliona raha moyoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, shahada yake haijatimiza hata mwaka, na ndoto yake ilikuwa hii hapa: mchimbaji mdogo, mwenye tope kwenye kucha, anakuja mbele ya fomu isiyomjua wala kumbagua. Akaweka vidole tayari, akauliza jina.

"Ng'washi Ng'wana Mageni," alisema yule mama. Ng'washi wa Mageni, mtoto wa Mageni.

Kwa raha ile Kalisti akasahau mashine inakataa nini, akaandika lote, akabonyeza. Kioo kikapepesa, na maandishi mekundu yakajitokeza juu ya fomu: *Samahani. Jina hili si sahihi. Tafadhali jaza jina lako la kweli.*

"Imesemaje?" aliuliza Mama Mbuke.

Kalisti akajaribu kumeza maneno yale, lakini mezani palikuwa na mtu mwingine anayejua kusoma. Bwana Magesa, katibu wa Umoja wa Wachimbaji Wadogo wa Ikonongo, aliinama, akasoma kwa sauti neno kwa neno, kisha akavua miwani. "Inasema si jina lako, mama," akasema kwa upole wa kweli. "Inaomba uitajie la kweli."

Yafaa kueleza jinsi mashine ile ilivyopata heshima kubwa namna hiyo. Mwaka huo wa 1999 kompyuta mjini Shinyanga zilihesabika kwa vidole, na nyingi zilikaa zimefunikwa vitambaa kama maiti. Ya Sanket ilikuwa wazi. Kalisti, rafiki yake tangu shule ya msingi, alirudi kutoka chuo kikuu na disketi saba na wazo moja: kwamba siku moja fomu zote zitajazwa kwenye kurasa za intaneti, na mtu wa Geita, wa Mhunze au wa Kolandoto atajiandikisha bila kumwangukia karani miguuni. Simu haikuwahi kufika Ikonongo, basi aliunda ukurasa ule ukae ndani ya mashine moja, ukisubiri dunia iufuate. Alitumia kiunzi alichopewa na rafiki wa chuoni, programu ya kigeni iliyokuja na mifupa tayari: wewe unaitajia visanduku vya fomu yako na masharti ya kila kisanduku, nayo inakagua kila kinachoingia. Hiki kisiachwe wazi. Kile kiwe namba. Jina liwe herufi tupu, A mpaka Z.

Lugha ya kiunzi hicho ilikuwa kali. Mtu akikosea, kilimwambia kwa Kiingereza kwamba kilichoingizwa ni batili. Kalisti hakupenda mzee wa Ikonongo aambiwe batili. Alikaa siku nzima akitafuta Kiswahili cha heshima, akaweka "samahani", akaweka "tafadhali", akaona "jina la kweli" limekaa vizuri kuliko "herufi zinazokubalika". Aliona fahari. Hakujua kwamba kwa upole ule ule alikuwa amemfundisha kiumbe cha bati kumwita mtu mwongo.

Na wachimbaji waliiamini. Katibu aliyemtangulia Magesa aligawa maduara kwa shemeji zake, halafu kwa shemeji za shemeji zake. Magesa alipochaguliwa aliapa kugawa upya kwa haki, na aliposikia habari za mashine ya Sanket alikuja kuitazama, akaizunguka mara mbili, akasema neno lililoenea machimboni kote kabla jua halijazama: "Kompyuta haina ndugu." Haina shangazi, haina mtani, haiwezi kualikwa ngomani. Siku ya kuifungua, Kalisti mwenyewe, machozi yakimlengalenga kwa furaha, alisimama mbele ya wachimbaji mia nne akaahidi kwamba toka saa hiyo mpaka kikao cha Jumamosi hakuna mkono wa mtu utakaoingia ndani yake kumpendelea yeyote. Ambaye jina lake litakuwamo Jumamosi, duara ni lake. Ambaye halimo, duara linarudi kwa Umoja.

Watu walijitahidi kuenea ndani ya fomu. Palipotakiwa siku na mwezi wa kuzaliwa, wale waliozaliwa mwaka wa nzige au msimu wa mafuriko waliambiwa wachague tarehe yoyote, wakachagua tarehe mosi Januari, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kuonekana. Mpaka Jumapili wachimbaji mia tatu na kumi walikuwa wamezaliwa siku moja, na Magesa alishaanza kufikiria sherehe ya pamoja. Palipotakiwa namba ya simu, kiunzi kiligoma kabisa kupokea pengo, hivyo wote wakaandikiwa simu ya duka. Tangu hapo walikuwa wakipitia dukani kumuuliza Mama Sanket kama wamepigiwa. "Bado, baba," aliwajibu. "Jaribu kesho."

Na wenye ng' kwenye majina yao, ambao kwa Wasukuma si haba, walikutana na maandishi yale mekundu mmoja baada ya mwingine. Kalisti alipogundua sababu, kwamba ritifaa, kile kikoma kinachoning'inia hewani, si herufi na kwa hiyo kiunzi hakiitaki, alikuwa ameshaapa mbele ya mia nne. Aliwaambia waiache. Mzee Ng'wandu alitoka dukani akiwa Ngwandu, jina linalotamkwa kama mtu aliyekabwa na ugali, na mkewe alikataa kumwita hivyo, akasema hakuolewa na huyo.

Jumatatu hiyo Mama Mbuke aliyasikiliza maelezo ya ritifaa bila kukatiza. Kalisti alimweleza kuwa ni alama ndogo tu, hata wengi husahau kuiandika, naye akiitoa mashine itampokea sasa hivi.

"Zipo ngapi kwenye jina langu?" aliuliza.

"Mbili, mama."

"Moja ni yangu. Hiyo ningekupa, mwanangu, nimeona umechoka. Ya pili ni ya baba yangu. Mimi ni ng'wana Mageni. Ya baba si yangu kuitoa."

Magesa akamkumbusha kwamba bila jina hakuna duara. Mama Mbuke akasema anajua, ndiyo maana amekuja na jina. Kisha akaaga, na alipofika mlangoni Kalisti alimfuata nje, akasimama naye juani kati ya matoroli mapya. Alimwona mama huyu akirudi kilomita zote zile kumwambia binti yake kwamba yeye si yeye.

"Jumamosi," alisema, "jina lako litaandikwa lilivyo. Pamoja na la baba. Nakuahidi."

Yule mama alimtazama kama mtu anavyoutazama mwamba akikisia ndani kuna nini. "Haya," akasema, kisha akamshukuru kwa Kisukuma: "Wabeja."

Ilikuwa ahadi ndogo, yenye ukubwa wa vikoma viwili. Tabu ni kwamba ilikuwa imesimama uso kwa uso na ile ahadi kubwa.

Jumanne mambo yaliharibika kwa kicheko. Maduhu, mchimbaji mwenye mizaha ambaye duara lake lilishaandikwa, alikuja mjini kununua majembe. Akasikia watu wakibishana: mmoja anasema mashine inatambua watu, mwingine anasema inatambua herufi tu. Maduhu akaingia, akasubiri Kalisti aende kunywa chai, akamwambia Magesa kwamba analeta habari za jirani yake aliyebanwa na homa, akataja jina: Shaba Mrefu. Amezaliwa tarehe mosi Januari, 1961. Simu, hiyo hiyo ya duka. Magesa, ambaye sasa alijua kuchapa kwa kidole kimoja, akachapa. Namba ya duara ikawa shida. Maduhu alitaja kumi, mashine ikajibu kwamba limekwisha chukuliwa. Akataja ishirini na tisa, limekwisha chukuliwa. Aliendelea hivyo hivyo kubahatisha mpaka akagonga namba pekee iliyokuwa wazi, kwa sababu mwenyewe alikataliwa siku iliyotangulia. Arobaini na moja. Maandishi ya kijani yakatokea: *Hongera. Umeandikishwa.*

Shaba Mrefu alikuwa maksai wa Maduhu.

Machimbo yalicheka siku mbili. Wenye akili walitengeneza msemo kutokana na jambo hilo: kwamba mashine ya Sanket ukiandika ng'ombe inakataa, ukimleta ng'ombe mwenyewe inampa hongera. Lakini Alhamisi kicheko kilikauka, kwa sababu Maduhu, alipoambiwa duara alilompa maksai ni la nani, alikimbia mjini kuliondoa jina, akakuta Magesa hacheki.

"Shaba Mrefu ni mwanachama halali," alisema Magesa. "Mashine imempitisha."

"Ni ng'ombe, katibu."

"Mashine imeuliza maswali, yamejibiwa yote. Wewe ulijibu mangapi? Yale yale." Akashusha sauti, na Kalisti, aliyekuwa akisikiliza, aliona kwamba mtu huyu hakuwa mpumbavu hata kidogo. Alikuwa ameogopa. "Nikimfuta ng'ombe leo kwa kuwa wewe umeniomba, kesho atakuja mwingine nimfute mtu. Katibu aliyenitangulia alianza hivyo hivyo. Anayetaka kujitoa aje mwenyewe aseme."

"Aseme nani?"

"Shaba Mrefu."

Maduhu alikaa kwenye kigoda, akashika kichwa.

Kalisti alimfuata Magesa mpaka nje, akamwomba ruhusa ya kurekebisha sharti moja tu, lile la herufi. Magesa alimjibu kwa masikitiko kwamba hata yeye anamhurumia yule mama, lakini mkono ukiingia ndani ya mashine mara moja, mashine imeshapata ndugu. Kisha akamkumbusha nani aliyeapa.

Sanket alikuwa na njia fupi. Mchana watu wakienda kula, alisema, funga mlango, toa jina la ng'ombe, ingiza la mama, fungua mlango. Nani atajua? Naye alikuwa na sababu ya kuharakisha. Jumamosi angekuja mgeni kutoka Mwanza, Dada Mehjabin, aliyetumwa na shirika moja lililotaka kuandikisha wachimbaji wote wa ukanda wa Geita. Alikuwa amesikia habari za kompyuta isiyo na ndugu. Angeipenda, basi Kalisti angepewa ofisi, mashine kumi, na kazi ya miaka mitatu ya kufanya kile alichokuwa akikiota. "Mwonyeshe kitu kinachotembea, ndugu yangu," Sanket alisema. "Usimwonyeshe matumbo yake."

Ukweli ni kwamba Kalisti alijaribu. Si kwenye orodha yenyewe. Alitengeneza nakala pembeni, akakiambia kiunzi kwamba ritifaa iruhusiwe, akachapa jina la Mama Mbuke. Nakala ikaanguka chali. Alihangaika nayo tangu saa nne mpaka chakula cha mchana kikapoa, ndipo alipoona. Katika lugha ya mashine, kikoma kile ndicho kinachofunga maneno, kama kizibo. Ilikuwa ikisoma N, ikasoma G, ikakutana na kizibo, ikaamini jina limekwisha, na yote yaliyofuata, washi na wana na Mageni, ikayachukua kuwa amri isiyoeleweka. Dawa yake ilikuwa kuweka ritifaa mbili mahali pa moja, ili moja iandikwe na nyingine iishikilie. Dawa rahisi. Aliiandika kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni, na hakuigusa orodha. Alishindwa. Kila alipoinua mkono aliona nyuso zile mia nne, namna zilivyomwamini. Kumtendea mama yule haki kwa mlango uliofungwa kulifanana mno na walivyotendewa wote na yule katibu wa kwanza.

Jumamosi gari la Sanket lilibeba kompyuta, printa na jenereta mpaka Ikonongo. Meza ikawekwa mbele ya karasha, mashine ya kusaga mawe, lililozimwa kwa ajili ya kikao, na Dada Mehjabin, mwanamke makini mwenye jalada la plastiki kwapani, akapewa kiti chenye mgongo. Watu walijaa mpaka kwenye vifusi. Shaba Mrefu aliletwa pia, kwa kuwa Magesa alimpelekea mwito wa maandishi, na Maduhu hakutaka kumwongezea katibu sababu ya kukataa. Alisimama nyuma ya safu ya mwisho, pembe zake zikiwa zimezidi vichwa vyote, akicheua.

Magesa alisoma orodha. Alisoma kama ilivyoandikwa, hivyo N-gwandu akaitwa, na mzee mmoja akaitika kwa aibu. Ilipofika arobaini na moja, Magesa alipangusa miwani yake, akasoma: "Shaba Mrefu."

Hakuna aliyecheka. Mama Mbuke alikuwa amesimama mbele kabisa, binti yake pembeni, amejifunga kanga mpya kama mtu aliyekuja harusini. Hakumtazama Magesa wala ng'ombe. Alimtazama Kalisti, bila hasira na bila kuomba, kama unavyomtazama mtu mliyeagana kukutana.

Kalisti akasimama.

"Kosa ni langu," alisema. Ilimbidi arudie kwa sauti, kwa kuwa jenereta lilikuwa likinguruma. Akawaeleza. Mashine haikumkataa Mama Mbuke, haijui kukataa. Yeye, Kalisti, ndiye aliyeiambia jina liwe herufi tupu, kwa kuwa kiunzi alichokitumia kilitengenezwa na watu wasiowahi kumwita mtu Ng'washi, naye, aliyekua akisikia majina hayo yakiitwa mlango wa pili, hakukumbuka kuongeza ritifaa. Maneno yale ya jina la kweli pia ni yake. Yeye ndiye aliyewaita waongo watu thelathini na saba wa Ikonongo, na wote akawaomba radhi.

Magesa aliinuka polepole. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeambiwa kwamba mchumba wake ana watoto.

"Kwa hiyo ina ndugu?" aliuliza.

"Ina mzazi," alisema Kalisti. "Na mzazi ni mimi."

Zogo likazuka. Wengine walidai orodha yote ichanwe, wengine wakasema afadhali shemeji kuliko mashine, maana shemeji unamjua. Katikati ya zogo hilo Dada Mehjabin alimwita Kalisti pembeni, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna makosa mengine ya namna hiyo ndani ya mashine.

Angeweza kusema hapana. "Lazima yapo," alisema. "Siyajui bado."

Dada Mehjabin alifunga jalada. Hakuwa mtu mbaya, na Kalisti aliona kwamba jibu lile limemgusa, lakini alikuwa ametumwa. Wakubwa wake walikuwa Mwanza wakimsubiri saa kumi, na walitaka kitu kilichokamilika. Alimpa nafasi moja. Waondoke sasa hivi, wazungumze njiani, Kalisti aeleze mwenyewe mbele ya wakubwa jinsi atakavyokirekebisha. Dereva alishawasha gari. Haya ya hapa, alisema, yatasubiri wiki moja, hakuna atakayekufa.

Kalisti alitazama nyuma. Mama Mbuke hakuwa amesogea. Lakini kikao kikifungwa, duara arobaini na moja lingekuwa la Umoja, au la ng'ombe, na Jumatatu mtu mwingine angekuwa ameteremka ndani yake na sururu.

"Nimeahidi, dada," alisema. "Ni leo."

Aliporudi mezani, Magesa alikuwa amepata wazo, na kama mawazo yake yote, lilikuwa la haki mpaka likachekesha. Kama kuna mkono wa kuingia ndani ya mashine, uingie mchana kweupe, mbele ya wanachama, na kila kinachoandikwa kielezwe, kitafsiriwe kwa Kisukuma, kisha kipigiwe kura.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Kalisti alifungua matumbo ya programu yake, akaanza. "Naiambia hivi: jina liruhusiwe kuwa na ritifaa." Magesa akatafsiri. Mzee mmoja akauliza kama ruhusa hiyo ni ya kudumu au ya muda. Ya kudumu, alisema Kalisti. Wanaokubali wanyooshe mikono. Misitu ya mikono. Wanaokataa, wawili, ambao walikataa kila kitu tangu uhuru. Magesa alitazama nyuma ya safu ya mwisho, akaandika kwenye daftari kwamba mwanachama mmoja hakupiga kura.

"Sasa naiambia: ukikuta ritifaa moja, andika mbili."

Hapo walibisha kweli kweli. Mbona mbili? Aliyenyimwa moja sasa anapewa mbili, wengine je? Kalisti alieleza habari ya kizibo, wakamtazama tu. Aliwaza, kisha akawauliza, kwenye duara mtu akiteremka kwa kamba, juu anabaki nani. Wakajibu, anabaki wa kumshikia. "Basi," alisema, "hii ya pili ndiyo inayomshikia mwenzake." Mikono ikainuka kabla Magesa hajamaliza kutafsiri. Gari la Mwanza lilikuwa likipanda mwinuko wa barabara kuu, na vumbi lake lilimfikia kila mtu isipokuwa Kalisti, maana alikuwa ameinamia kioo.

Kura ya tatu ilikuwa ya Shaba Mrefu. Magesa hakutaka kulegea. Alimwendea maksai, akasimama mbele ya pua yake, akamuuliza mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kama ana pingamizi lolote la kuondolewa. Maksai alipiga mkia. Magesa akasubiri muda wa kutosha, akarudi, akatangaza kwamba mwanachama amejiuzulu kwa hiari yake, na Maduhu akapumua kwa nguvu hata walio mbele wakageuka.

Jenereta lilikuwa limeanza kukohoa. Sanket alilipiga teke taratibu, akalifungulia mafuta ya akiba yaliyokuwa ya safari ya kurudi mjini. Kalisti alichapa. N, G, ritifaa. Alichapa pole pole, akilisoma jina kimoyomoyo lisije likamponyoka, akabonyeza. Kioo kikapepesa kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia.

Printa ikaguna, ikavuta karatasi, ikaipinda, ikaitafuna pembe. Kalisti akaitoa, akaweka nyingine, akaishika kwa vidole viwili mpaka ikamaliza. Nyuma ya Mama Mbuke safu ilikuwa imeshajipanga: mzee Ng'wandu na wenzake thelathini na watano, kila mmoja akitaka chake, na jua lilikuwa bado utosini. Aliikata karatasi kwenye vitobo vyake, akaisoma tena tangu mwanzo hadi mwisho, akazikuta ritifaa zote mbili mahali pake, kisha akasimama, akazunguka meza, akampa Mama Mbuke kwa mikono miwili.